Namba za Mlangoni na Namba za Jioni: Siku Moja katika Chumba cha Majeruhi, Mwanza

Saa 1:00 asubuhi napokea zamu. Daktari wa usiku ananikabidhi wagonjwa wanne, na tunapofika kwa kijana aliyeumia kichwa ananiambia, "Glasgow yake ni 9." Namwomba anitajie sehemu zake tatu: macho, maneno na viungo. Jumla ya kipimo hicho cha ufahamu, kilichotangazwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, leo huanzia 3 hadi 15, lakini wagonjwa wawili wenye 9 wanaweza kuwa katika hali zisizofanana hata kidogo. Mmoja anafuata maagizo lakini hatamki neno, mwingine anafumbua macho tu pasipo kumwelewa mtu. Ndiyo maana katika zamu yangu jumla tupu haiandikwi.

Saa 2:40 machela mbili zinaingia kwa pamoja. Ya kwanza imembeba dereva wa bodaboda aliyegongwa njia ya Igoma, uso wote damu, anapiga kelele na kuuliza pikipiki yake iko wapi. Ya pili imembeba mvuvi wa dagaa wa miaka thelathini na kitu, aliyebanwa na ukingo wa mtumbwi dhidi ya jiwe walipokuwa wakiuvuta ufukweni alfajiri. Huyu ametulia kabisa. "Daktari, mtazameni kwanza huyo kijana," ananiambia, "mimi ni mbavu tu."

Ngozi ya kichwa huvuja damu nyingi, na damu hiyo huvuta macho ya kila aliyemo chumbani. Basi kabla hatujavutwa, muuguzi anampima kila mmoja. Tunatumia kipimo cha Kampala, kilichotokana na kazi ya madaktari Olive Kobusingye na Ronald Lett huko Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili, nami nakipenda kwa sababu hakidai mashine kubwa: umri, shinikizo la damu (ile namba ya juu), idadi ya pumzi kwa dakika, kiwango cha ufahamu na idadi ya majeraha makubwa. Alama kamili ni 16, na kadiri zinavyopungua ndivyo mtu anavyohesabiwa kuwa ameumia vibaya zaidi.

Mvuvi anapata 15. Kwa karatasi hiyo angeweza kusubiri.

Lakini mapigo yake ni 118 na shinikizo la juu ni 104. Ukigawanya la kwanza kwa la pili unapata takribani 1.1, ilhali kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa kati ya 0.5 na 0.7. Kipimo cha Kampala hakiulizi mapigo, na mwili wa kijana hulificha pengo la damu kwa kuuendesha moyo mbio, hadi pale unaposhindwa kwa ghafla. Nagusa chini ya mbavu za kushoto, anakunja uso. Namwambia muuguzi ampime tena baada ya dakika kumi na tano, na mishipa miwili iwekewe sindano za dripu sasa hivi.

Saa 2:58 shinikizo ni 86, pumzi ni 32, na sasa hafumbui macho mpaka aitwe jina. Alama zimeshuka kutoka 15 hadi 12, na huko kushuka kunanieleza mengi kuliko 12 yenyewe. Ultrasaundi inaonyesha damu kuzunguka bandama. Tunampa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika kumi, kwani utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba dawa hiyo huokoa maisha, na uchambuzi wake wa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba itolewe ndani ya saa tatu tangu kuumia. Damu inaombwa benki, na saa 3:25 yuko mezani kwa wapasuaji.

Dereva wa bodaboda, mwenye Glasgow 14, anashonwa, anapigwa picha ya kichwa na kubaki chini ya uangalizi. Mchana wote unapita kwa mifupa, vidonda na fomu za polisi za PF3.

Saa 9 mama mzazi wa mvuvi ananishika mkono koridoni. "Mwanangu, atapona?" Zipo hesabu za kukadiria nani ataishi, lakini zilitokana na maelfu ya watu, nami sijawahi kumpa mzazi asilimia. "Mama, damu imezuiwa na bandama imetolewa. Usiku huu ndio tunaouangalia."

Saa 11 jioni nakaa na daftari la majeruhi, kwa kuwa namba nyingine hupatikana tu baada ya kila jeraha kujulikana. Kipimo cha Susan Baker na wenzake, nacho cha mwaka 1974, huchukua majeraha makubwa zaidi ya sehemu tatu tofauti za mwili, kila moja likapewa alama ya ukali wake, kila alama ikazidishwa kwa yenyewe, kisha zikajumlishwa: bandama 4, mbavu tatu zilizovunjika 3, michubuko 1, yaani 16 na 9 na 1. Jumla ni 26, na zaidi ya 15 ni jeraha kubwa. Mtu yuleyule, saa 2:40, karatasi ilimwita mwenye jeraha dogo. Naziandika namba zote mbili katika mstari mmoja, ili anayejifunza kwetu azione zikiwa pamoja.

Saa 1:00 usiku nakabidhi zamu kando ya kitanda chake: mapigo 96, shinikizo 112, pumzi 20. Namwomba mwenzangu ampime kila nusu saa hadi asubuhi, na aandike chini ya zile za mwanzo, asifungue ukurasa mpya.