Mkanda wa mkononi kwanza, vidonge baadaye

Mzee aliyestaafu jeshini akilazwa, aghalabu orodha yake ya dawa ni ndefu: presha, sukari, kuzuia damu kuganda, maumivu ya miaka mingi, usingizi. Daktari anaweza kuandika sawasawa, mfamasia akatoa sawasawa, na kosa likatokea kando ya kitanda, ambako hakuna tena wa kulizuia. Hapo ndipo hospitali za Idara ya Maveterani ya Marekani zilipoweka msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine.

Wazo lilitoka kwa nesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sue Kinnick wa hospitali ya maveterani ya Topeka, Kansas, aliona gari la kukodi likipokelewa kwa kusomwa msimbopau, akaona dawa nazo zingesomwa vivyo hivyo. Kufikia 2000 mfumo huo, unaoitwa BCMA (utoaji dawa kwa msimbopau), ulikuwa umeenea katika hospitali za idara hiyo nchi nzima.

Nesi anasukuma toroli lenye kompyuta hadi kitandani na kusoma kwa skana msimbo ulio kwenye mkanda wa mkononi mwa mgonjwa. Dawa zake za saa hiyo zinajitokeza. Kisha anasoma msimbo wa kila dozi, na kompyuta inatoa onyo ikiwa dawa, kipimo au saa haviendani na agizo. Dawa ya maumivu inayotolewa kwa kuhitajika hudaiwa sababu, na baadaye hudaiwa jibu: imesaidia au la? Lakini skana haijui kama kidonge kimekatwa nusu, wala kama dawa ya kumeza imepelekwa kwenye mshipa. Hayo bado ni kazi ya macho ya nesi.

Kinachovunja mfumo huu mara nyingi ni mkanda. Wino unafutika kwa maji ya kuoga, plastiki inakunjika kwenye mkono mwembamba, mgonjwa amelala juu yake. Nesi mwenye wagonjwa wengi hujikuta anaandika namba kwa mkono, au anasoma mkanda wa akiba uliobandikwa kwenye toroli. Skrini inaonyesha kila kitu sawa, ilhali mgonjwa hajahakikiwa kabisa! Hili hutokea zaidi kwenye wodi za wazee wanaokaa muda mrefu, ambako nesi anawajua wote kwa sura. Suluhisho lake ni printa ya mikanda wodini penyewe, ili mpya upatikane kwa dakika moja, na marufuku ya mikanda ya akiba.

Tatizo la pili halionekani kwa urahisi. Utafiti wa wodini uliochapishwa 2002 ulikuta manesi wakichanganyikiwa pale mfumo ulipoondoa wenyewe kwenye orodha dozi zilizopitwa na saa. Mgonjwa aliyerudi kutoka eksirei amechelewa, dozi yake haionekani tena, na asiyeonekana husahaulika. Kwa hiyo ripoti ya dozi zilizokosekana ifunguliwe kila zamu inapokabidhiana, si mwisho wa mwezi.

Msimbo ukigoma kusomeka, nesi huchagua sababu: lebo imeharibika, mkanda umeharibika, kifaa kimekufa. Mkuu wa wodi azisome sababu hizo kila wiki pamoja na mfamasia. Lebo za dawa ileile zikigoma kila siku, kosa liko kwenye ufungashaji wa famasi. Skana zikizima saa tatu asubuhi, wakati wa dozi nyingi, angalia kwanza betri zilichajiwa wapi usiku.