Oili ya difu haifiki kwenye krosi

Wenye pikipiki za shafti, yaani zile ambazo chuma kinachozunguka ndicho kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi la nyuma badala ya cheni, wanaopita gereji kwetu hapa Arusha huwa na kauli moja: "Fundi, hii haina cheni, mimi sina shida." Ni kweli huna cheni ya kupaka oili wala sproketi za kununua, na lile vumbi la njia ya Engaruka kwenda Natron halitakula meno yako kama linavyokula ya wenzako. Ila shafti ina sehemu mbili zinazotunzwa kila moja kivyake, na pikipiki nyingi ninazofungua zimetunzwa sehemu moja tu.

Sehemu inayotunzwa ni difu ya nyuma, lile boksi la gia kwenye tairi, ambamo gia mbili, krauni na pinioni, zinazunguka ndani ya oili. Hiyo haisahauliki, ina nati ya kumwagia na nati ya kujazia. Inayosahaulika ni shafti yenyewe iliyojificha ndani ya mkono wa nyuma unaobeba tairi, pamoja na krosi zake, yaani viungo vinavyoiwezesha kujikunja ikiwa inazunguka, na yale meno ya mwisho wake yanayoingia kwenye difu. BMW za miaka ya 1970, kama R75 na R90, zilikuwa na oili ya peke yake ndani ya mkono, krosi haikauki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja R80GS na R100GS zenye krosi mbili, ili nyuma isinyanyuke unapovuta eksileta, na mkono ukawa mkavu. Kinachouzuia uchafu usiingie humo ni raba buti tu, ile raba inayofunika maungio ya mkono. Unaweza ukabadilisha oili ya difu kila mwezi, na huku mbele yake kidogo chuma kinasagana na chuma.

Vijana wa toyo pale soko la Kilombero wanalielewa hili vizuri. Propela yao iko wazi chini ya bodi, nipeli za grisi wanaziona, basi wanapiga grisi. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Kuna mzee mmoja aliniletea pikipiki kubwa ya shafti, inagonga kila akiachia na kuvuta eksileta. "Fundi, oili nimebadilisha juzi tu, safi kabisa." Nikaimwaga tukaitazama wote, na kweli ilikuwa safi. Nikamwambia, "Mzee wangu, oili haina kosa, ngoja tushuke huku." Nilipopitisha kidole chini ya raba buti nikakuta imechanika upande wa chini, mahali ambapo huoni mpaka ulale chini. Tukatoa tairi, kalipa ya breki na sensa ya ABS, tukafungua bolti ya mkono mdogo unaoishikilia difu isijikunje, difu ikainama chini. Kwenye meno ya shafti ukamwagika unga mwekundu mithili ya pilipili ya kusaga. Hiyo ni kutu inayosagwa na meno yenyewe. Ukikuta grisi nyeusi imeganda, shukuru. Ukikuta wekundu, maji yameshaingia, na kila ncha ya jino uipapase kwa ukucha. Ya mzee ilikuwa imeanza kuchongoka kama kisu. Shafti ilibidi iagizwe nje, na pikipiki ikakaa ikisubiri.

Kwa hiyo kabla ya kelele, tumia mikono. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gia iwe huru, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, usikimbilie kusema beringi imekufa. Mwite mtu alitikise, wewe weka kidole pale difu inapokutana na mkono. Kama difu inacheza kwenye mkono, ni beringi ndogo za pale inapojikunjia. Kama difu imetulia na tairi peke yake linacheza, hapo ni ile beringi kubwa ya krauni, na safari ya mbali uiahirishe.

Kisha zungusha tairi polepole kwa mkono. Shafti huzunguka zaidi ya mara mbili kila tairi linapomaliza mzunguko mmoja. Mkwamo unaokuja mara moja kwa mzunguko, tafuta kwenye diski, rimu au beringi kubwa. Unaokuja mara kadhaa, shuku krosi.

Unaporudisha shafti, safisha meno kwa petroli na kitambaa, kausha, halafu paka grisi ya molibidenumu. Paka kiasi, ikizidi hurushwa na mzunguko ikalale kwenye raba. Kabla hujaichomoa piga alama ya rangi, maana krosi mbili lazima zirudi kwenye mpangilio wake. Ikikosewa hata meno machache, pikipiki itatetema na ukaanza kulaumu tairi.

Oili ya difu nayo isidharauliwe. Anza kwa kulegeza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga kwanza na ile ya juu ikagoma, umekwama. Tope la kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida, na oili iliyogeuka nyeupe ina maji. Nyingi huchukua kama robo lita au pungufu, kwa hiyo fuata kitabu chake na usizidishe. Oili ikipata joto hutanuka, ikisukuma sili inaishia kwenye tairi na breki.

Na kule kwenye kuosha, mwambie kijana asielekeze mashine ya presha kwenye raba buti wala kwenye sili ya difu. Ndoo na brashi vinatosha. Ukivuka mto ambao maji yamefika kwenye ekseli, papasa ile raba jioni hiyo hiyo, upande wa chini.