Programu ya kupwa na kujaa ilivyonitoa jasho Langoni

Likizo ya juzi nlikuwa nyumbani Langoni, Lamu, na mradi wa chuo mkononi. Mwalimu alitaka programu inayogawa kazi kwa kori zaidi ya moja (kori ni zile bongo za ndani ya prosesa), iende kwa OpenMP (programu moja yenye nyuzi nyingi) na pia kwa MPI (proses kadhaa zinazotumiana ujumbe), na kila kitu kikompailiwe, yaani kigeuzwe lugha ya mashine, kwa kuandika komandi kwa terminali, hakuna cha kubofya kitufe. Mie nikachagua maji, manake ami yangu ni nahodha na tangu utoto nasikia bamvua (maji makubwa), maji mafu (maji madogo), maji yamekupwa, basi nikaona hili angalau nalijua. Hesabu yake si ngumu hata kidogo, unachukua mawimbi kadhaa, lile kubwa la mwezi linarudi kila saa 12 na dakika 25, la jua kila saa 12 kamili, na mengine madogo madogo, kila moja unalipigia kosaini halafu unajumlisha. Nikaweka mawimbi 37, dakika kwa dakika, miaka 50. Hizo ni dakika milioni 26 na kitu, zidisha na 37, kosaini karibu bilioni moja. Kazi ya kugawana hiyo.

Kodi niliandika kwa C, mafaili mawili, kuu.c na maji.c. Siku ya kwanza nikamwita gcc, kompaila wa C, na -lm ndo laibrari ya hesabu:

gcc -O2 -lm kuu.c maji.c -o maji

Ikanijibu undefined reference to `cos', yaani ile kosaini haionekani ilipo. Nikatazama juu ya kodi, math.h inayoitambulisha cos ipo. Nikatazama komandi, -lm ipo. Sasa wataka nini tena? Wallahi nlikaa na hilo tangu adhuhuri mpaka punda wanarudishwa, nimefuta nimeandika upya, nimelaumu kompyuta, kumbe shida ni mpangilio tu. Linka, yule anayeunganisha vipande vya programu na laibrari, anasoma kushoto kwenda kulia, akikutana na -lm pale mwanzo bado hajaona mtu anayeitaka cos, kwa hiyo anaipita zake, akija kufika kwa mafaili yangu ndo anaitafuta na hageuki nyuma. Nikaihamisha -lm mwisho kabisa wa mstari, ikapita. Sekunde 41 kwa kori moja.

Kesho yake OpenMP. Nikaongeza mstari wa #pragma omp parallel for, unaoomba kazi igawanywe kwa nyuzi, juu ya kitanzi kinachorudia hesabu, nikakompaili, kimya, hakuna kosa lolote, nikafurahi. Nikakimbiza: sekunde 41. Nikarudia, 41. Hapa ndo niliona bora ile ya jana iliyonipigia kelele. Usipoweka -fopenmp, gcc anauchukulia ule mstari kama haupo, anaendelea na uzi mmoja kama kawaida na hakwambii neno. Ningekuwa na mazoea ya kuweka -Wall angenionya kuwa kuna pragma haijui, lakini mie hayo mazoea sikuwa nayo, sasa ninayo.

Basi nikatengeneza mafaili ya .o (kodi iliyokompailiwa ila haijaunganishwa) moja moja, gcc -O2 -Wall -fopenmp -c maji.c, ikakubali, kuu.c hivo hivo, halafu nikaunganisha gcc kuu.o maji.o -o maji -lm, na hiyo ikanitupia undefined reference to `GOMP_parallel', na chini yake collect2: error: ld returned 1 exit status. Nlitaka kufungua kodi nianze kubadilisha, ndo jicho likaenda kwa lile neno ld. Huyo si kompaila, huyo ni linka. Kompaila ashamaliza kazi yake, .o zipo pale zimekaa, kodi yangu haina ubaya, anayelia ni yule wa kuunganisha, hajapewa laibrari ya OpenMP. Tangu siku hiyo kosa likija kitu cha kwanza natazama ni nani anasema: likinipa faili na namba ya mstari nafungua kodi, likiwa la ld kodi siigusi, naenda kwa komandi. -fopenmp inatakiwa mara mbili, wakati wa kukompaili na wakati wa kulinki. Nikaiweka, nikakimbiza na komandi ya time mbele: real (muda wa saa ya ukutani) sekunde 22, user (muda wa kori zote ukijumlishwa) 43. User ikiizidi real hivo ujue kori zote mbili zatoka jasho kweli.

MPI nayo ilikuwa na vituko vyake. Nlikuwa nimeinstoli MPICH, aina moja ya MPI, nikakompaili vizuri kwa komandi yake ya mpicc, halafu nikasoma mahali watu wanasifu Open MPI, aina nyingine, nikaiinstoli juu yake, bando lenyewe la kuombaomba. Nikakimbiza mpirun -np 2 ./maji, zikatoka proses mbili na kila moja yasema "mimi ni 0 kati ya 1". Yaani kila moja imejiona iko peke yake duniani na inafanya kazi yote! Mpirun sasa ilikuwa ya Open MPI na programu bado ni ya MPICH, hawasikizani. Nikaandika make, komandi inayojenga programu mafaili yakibadilika, ili ijengwe upya, make akasema maji is up to date, manake kwake yeye mafaili ya .c hayajabadilika, habari za kuinstoli hazimhusu. Make clean kwanza ifute za zamani, kisha make. Hapo pia ndo nilijaribu mpicc --showme (kwa MPICH ni -show) nikaona mpicc si kompaila yoyote, ni gcc yule yule kavalishwa kofia, kaongezewa njia za mahedari na laibrari. Ukijaribu -np 4 kwa mashine ya kori mbili Open MPI anakataa, nafasi hazitoshi, mpaka umpe --oversubscribe, lakini faida sikuiona.

Siku ya tatu stima imekatika, betri yasoma asilimia 30, ami akapanda juu na kahawa yake akaketi.

"Haya, yeo mai yajaa saa ngapi?"

Siku yenyewe ya bamvua. Nikakimbiza, ikatoa 13:08. "Saa saba na dakika nane, ami."

Akachungulia dirishani. Wakati huo ishafika saa saba na nusu na maji ndo kwanza yako katikati ya ngazi za gati, yanapanda. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Mwanangu, bamvua hapa hujaa saa kumi."

Zile namba za mawimbi nlizichukua mtandaoni zikiwa kwa saa za Greenwich, na mie nimezimwaga hivo hivo. Nikaongeza saa 3, nikakompaili, nikalinki, mara hii bila kosa hata moja. 16:08. Nikageuka nimwonyeshe, yeye ashashuka yuko gatini anafungua kamba.