Kilimani Corfe Castle

Treni ya mvuke itokayo Swanage ilitushusha chini ya kilima saa nne asubuhi, na kabla hatujatoka stesheni ngome ilikuwa imekwisha kuonekana kule juu, mfano wa kinywa cha kizee kilichobakiwa na meno machache. Nilikuwa nimejiandaa kutazama kazi ya mvua na upepo, kwa kuwa ujenzi wa Corfe Castle, huko Dorset kusini mwa Uingereza, ulianza katika karne ya 11, zama za Mfalme William aliyeiteka nchi hiyo mwaka 1066. Nilichokikuta ni kazi ya baruti.

Ushahidi uko kwenye lango la ndani, katikati ya mwinuko. Minara yake miwili ilijengwa sambamba, lakini mmoja umeteremka ukiwa wima, kiasi kwamba safu ya mawe unayoifuata kwa jicho upande huu hukatika ghafla kwenye ufa, na ukitaka kuiona ikiendelea huna budi kuinamisha kichwa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Katika vita vya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, mwenye ngome, jaji John Bankes, alikuwa upande wa mfalme, na alipokuwa mbali mkewe, Mary, ndiye aliyeilinda. Inasimuliwa kwamba mwaka 1643 yeye, binti zake, watumishi na askari wachache waliwaporomoshea washambuliaji mawe na makaa ya moto kutoka juu ya kuta, hata wakarudi nyuma. Mwaka 1646 ngome haikushindwa kwa mizinga: mmoja wa maofisa wa ndani aliahidi kuleta askari wa kuongeza nguvu, akaingiza wapiganaji wa Bunge waliojifanya watu wa mfalme. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka huo huo Bunge liliamuru ibomolewe, nao wabomoaji wakachimba chini ya kuta na kuzilipua, ila hawakuweza kuumaliza mnara mkuu, wenye kimo cha takribani mita 21, ambao kipande chake bado kimesimama na kunguru wake.

Njia ya kuufikia ni kali, na majani yalikuwa na umande. Niliteleza mara mbili, ya pili mbele ya watoto wa shule, ambao walifurahi sana.

Jioni tulipita kijijini, ambako mawe mengi ya ngome yaliishia baada ya ubomoaji. Nikawa nachunguza jiwe moja ukutani, limechongwa vizuri kupita hadhi ya nyumba ile ndogo, mpaka mwenye nyumba akachungulia dirishani. Nikamwamkia, nikaharakisha kuiwahi treni.