Mbeya–Dar: siku moja ya dereva wa pili

Saa 10:30 alfajiri, Mbeya

Basi linatoka saa 12 kamili, ila dereva anayefika saa 11 na nusu ameshachelewa. Cha kwanza ni kutoa maji kwenye matangi ya upepo wa breki. Chini ya kila tangi kuna kikoki. Kivute sekunde chache, maji yatoke. Yakitoka meusi yenye mafuta, kompresa (pampu ya upepo) inapitisha oili, na fundi aambiwe leo.

Kisha injini inawashwa mpaka mishale yote miwili ya upepo ifike bar 8. Weka kabari kwenye magurudumu, zima injini, achia breki ya kuegesha, halafu kanyaga breki ya mguu dakika nzima bila kuachia. Baada ya ule mshuko wa kwanza wa kukanyaga, mshale ukishuka tena zaidi ya bar 0.2 kuna mahali panavuja. Redio izimwe, kondakta azunguke gari akisikiliza: "sss" inatoka gurudumu gani?

Tairi nyingi za basi kubwa zinataka psi 110 hadi 120, zipimwe zikiwa baridi. Kwenye zile pacha za nyuma, ya ndani ndiyo inayosahaulika. Igonge kwa nyundo: iliyojaa inadunda, iliyopungua inalia kama gunia. Usisahau tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado zinapendeza.

Saa 11:45

Ukaguzi wa trafiki: leseni daraja C, kipima ulevi, mikanda ya abiria, pembetatu mbili, kizimamoto. Dereva wa kwanza anagusisha kitufe chake cha utambulisho ili mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo ujue nani yuko kwenye usukani. Safari inazidi saa 8, kwa hiyo tupo wawili.

Saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana

Kazi ya dereva wa pili kwenye kipande hiki ni kulala. Wengi wanakaa mbele kupiga soga na mwenzao, halafu wanapokea usukani wakiwa wamechoka sawasawa na anayeuachia. Wawili wa namna hiyo ni dereva mmoja tu mwenye mashati mawili.

Kelele za abiria kwa dereva zinaanza mapema: "Suka, mbona kama tunasindikiza harusi?" Hesabu yake ni fupi. Kilomita 60 kwa mwendo wa 80 ni dakika 45. Kwa 100 ni dakika 36. Dakika 9 hizo zinamezwa na foleni moja ya mizani ya magari pale Wenda, Iringa. Bei yake ni hii: ukiwa 80, tangu uone hatari hadi basi lisimame kwenye lami kavu unatumia mita 80 hivi. Ukiwa 100, zinakaribia 120.

Kuovateki nako ni hesabu. Lori la mita 22 linakwenda 60, wewe upo 80 na basi la mita 12. Ukiacha mita 20 nyuma yake na 20 mbele yake, unatakiwa kulizidi kwa mita 74. Hiyo ni sekunde 13, na ndani yake umekula karibu mita 300 za barabara. Anayekuja naye kwa 80 amekula 300 zake. Kwa hiyo huanzi kutoka kama huoni mita 600 nyeupe mbele yako. Dereva anayesema "nilidhani nitawahi" hakuwa na 600. Alikuwa na 300 akasahau kwamba za mwenzake pia zinahesabiwa.

Tochi, kipima mwendo cha trafiki: kibao cha 50 hakiishi pale nyumba zinapoisha, kinaisha kwenye kibao cha kukimaliza. Afande anajua hivyo, ndiyo maana anasimama kwenye zile mita za mwisho ambako nyumba zimeshapungua na mguu wa dereva umeshakuwa mzito. Faini inalipwa kwa namba ya malipo, si kwa kukunja noti ndani ya leseni. Kuwashiana taa kwamba mbele kuna tochi sikupendi hata kidogo. Unamsaidia mtu apunguze mwendo mita 500, kisha anakwenda kuwagonga wa kijiji kinachofuata.

Saa 6 mchana, Ipogolo (Iringa)

Tunabadilishana hapa. Wapo wanaobadilishana baada ya kushuka mlima Kitonga, kwa kuwa ndiko kwenye chakula. Naona ni kosa: mlima mgumu kuliko yote anaachiwa mtu aliyekaa kwenye usukani tangu alfajiri.

Saa 7, Kitonga

Kila ajali ya mteremko huishia kwenye sentensi moja: "breki zilifeli." Lakini upepo ukiisha kabisa, breki za upepo hazikuachii, springi iliyo ndani ya chemba za nyuma inajifungua na kubana magurudumu. Basi linaganda. Kinachokimbiza magari mlimani ni joto. Drami, ile ngoma ya chuma ndani ya gurudumu, ikipata moto inapanuka na kujitenga na lainingi inayoibana kwa ndani, lainingi nayo ikiungua inateleza. Unakanyaga mpaka chini, upepo upo, mshale unaonyesha 7, gari haishiki. Harufu ya kuungua ilikuja dakika kadhaa kabla, ila kwenye kiti cha mbele redio ilikuwa juu.

Gia inachaguliwa juu, kabla ya kona ya kwanza, gari likiwa limetulia: ya pili au ya tatu, kadiri ya mzigo. Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Breki ya ekzosi, inayoziba moshi ili injini ishikilie gari, inawashwa hapo hapo. Mwendo ukifika 30, kanyaga breki kwa nguvu mpaka 22 au 23, achia kabisa, subiri ipande tena, rudia. Kugusagusa breki kidogokidogo njia nzima ndiko kunakopika drami, kwa sababu hazipati nafasi ya kupumua.

Anayeshuka na gia ya tano kisha akashtuka, anakanyaga klachi atafute ya tatu. Gari tayari lina kasi kuliko gia hiyo inavyokubali, gia inagoma, anabaki nyutro. Kuanzia hapo hana injini ya kumshikilia, ana drami peke yake. Akizima injini ndiyo anamaliza: usukani unakuwa mzito na kompresa inasimama.

Mbele yetu malori ya shaba ya Zambia na Kongo yanatambaa kuelekea bandarini. Hayapitwi, hata kama yanakwenda 10. Na tazama chini: utingo aliyekinga tairi kwa mawe wakati lori limeharibika, likipona anapanda na kuondoka, mawe yanabaki katikati ya njia.

Saa 8, Ruaha Mbuyuni

Wauza vitunguu wanakimbilia madirisha kabla basi halijasimama, kwa hiyo mguu uko juu ya breki muda wote. Hapa nazunguka gari na kupitisha mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu, bila kugusa. La moto kupita mengine, breki inabana au bearingi inakufa. Lililo baridi ndilo baya zaidi: halikufanya kazi mlimani, wenzake walilibebea.

Saa 9:30, Mikumi

Kibao kinasema 70 mchana, 50 usiku. Swala mmoja akivuka, hesabu wengine wanne.

Saa 1 usiku, baada ya Chalinze

Kipande cha kuchosha. Anayekuja na taa kubwa hajibiwi kwa taa kubwa. Unaangalia mstari mweupe wa kushoto na kupunguza mwendo mpaka apite. Matawi mabichi juu ya lami ni lori lililolala bila taa. Sheria inataka pembetatu, lakini tawi ndilo linalokuwepo, na mara nyingi limewekwa hatua 15 tu nyuma ya lori. Ukiwa 80 hizo ni chini ya sekunde moja. Ukiona jani moja, toa mguu, usisubiri kuona lori.

Saa 2:30 usiku, Mbezi Luis

Abiria wakishuka, daftari la gari linaandikwa kabla ya kuondoka kituoni, gurudumu kwa gurudumu. Asubuhi fundi anakaza slaki (kirekebishi cha breki) ya gurudumu lililokuwa baridi mpaka lainingi iguse drami, anairudisha kati ya robo na nusu raundi, kisha analizungusha kwa mkono. Likizunguka bila kukwaruza, anahamia la upande wa pili, kwa kuwa la kushoto na la kulia lazima yashike sawa.