Jinsi Nilivyotatua Arifa za Barua Pepe Zilizochelewa Kwenye Simu ya Kazi
Simu yangu ya kazi ilikuwa na tatizo moja lililonikera kuliko yote: barua pepe za ofisini ziliingia kwa mkupuo pale tu nilipowasha skrini, ilhali ujumbe mfupi ulifika papo hapo. Mtandao ulikuwa imara, na programu yenyewe ilipofunguliwa ilipakua kila kitu bila kusita, kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye seva.

Chanzo kilikuwa uokoaji wa betri. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, Android huzilaza programu simu inapokaa bila kuguswa wala kuchajiwa, skrini ikiwa imezimwa, na huziruhusu kufikia mtandao kwa vipindi vifupi tu ambavyo huzidi kuachana kadiri muda unavyopita. Huo ni mpango mzuri kwa betri, lakini kwa mtu anayesubiri mkataba wa kutia saini ni adha kubwa.

Nilifungua mipangilio, nikaingia sehemu ya programu, nikachagua ile ya barua pepe, kisha kwenye matumizi ya betri nikaiondolea vizuizi. Hapa pana jambo ambalo ni rahisi kulipita: simu yenye wasifu wa kazi, yaani sehemu iliyotengwa kwa programu za ofisini, inaweza kuwa na nakala mbili za programu ileile, na inayopaswa kubadilishwa ni ile yenye alama ndogo ya mkoba, kwani kila nakala ina mipangilio yake. Tangu hapo arifa hulia barua inapoingia, hata simu ikiwa imelala mezani, na betri bado hunifikisha jioni.