Nakala ya mama na nakala ya baba zikigombania namba

Juzi usiku nilichukua karatasi na peni nikasema leo lazima niielewe hii modeli ya impirintingi, manake kusoma maelezo tu haitoshi. Jeni nyingi tunazo nakala mbili, ya mama na ya baba, zote zinafanya kazi, ila kwa mamalia kuna chache ambazo nakala moja inazimwa kutegemea imetoka kwa mzazi yupi, ndo hiyo impirintingi. Sasa kwa nini uzime nakala nzima wakati ingekuwa akiba yako?

Wanabiolojia David Haig na Mark Westoby mwaka 1989 walisema ni mvutano wa chakula. Mtoto akivuta sana toka kwa mama, wadogo zake watakaofuata wanapunjwa. Nakala ya mama ina nafasi nusu ya kuwepo kwa mdogo yeyote, ya baba ni nusu mara p, p ni uwezekano kwamba mdogo ni wa baba huyohuyo. p ikiwa 1 hakuna ugomvi, ikishuka tu nakala ya baba inafaidika kuvuta zaidi.

Nikaweka namba. Tuseme ni protini ya kukuza mimba, ya mama inataka jumla iwe 80, ya baba 100. Zianze 45 kwa 45, jumla 90. Ya mama imeona imezidi inashuka 35, ya baba inapanda 65, ya mama 15, ya baba 85, hapo ya mama hata ikitoa sifuri bado jumla imepita 80 yake, basi inazima na ya baba inamalizia 100 (kila hatua ni myutesheni, yaani badiliko la jeni, inayosambaa vizazi na vizazi, sio siku moja). Mi nilitegemea zikutane katikati! Nikajaribu 99 na 100, safari ndefu kweli ila mwisho ni uleule. Haig anasema sauti kubwa ndo inashinda, yaani nakala inayotaka zaidi.

Na panya wanakubali. Mwaka 1991 ilionekana kitoto kikirithi Igf2 (jeni ya protini ya kukuza mimba) mbovu toka kwa baba kinazaliwa na kama asilimia 60 tu ya uzito wa kawaida, kikiirithi toka kwa mama hakuna tofauti.

Ila upande wa mama nao una jeni yake, Igf2r, inanasa ile protini na kuiharibu, na kwa panya inayowaka ni nakala ya mama. Ukiweka jeni zote mbili kwenye hesabu hazitulii, hii inapanda na ile inapanda, mpaka uweke gharama ya kutengeneza protini zenyewe, tuiite c. Hiyo c ndo nimeanza kuiingiza leo asubuhi.